Sura ya Tatu: Hajui au Hajajua?

Tuchukue mtoto wa darasa la nne katika shule moja ya msingi mjini Kigali. Anakaa Kimisagara, kwenye nyumba zilizobanana chini ya mlima, na mama yake anauza mayai sokoni. Jina tusimpe, kwa sababu wako wengi kama yeye. Trei za mayai amezihesabu tangu akiwa na miaka saba. Ukimuuliza kwa Kinyarwanda: trei 12, kila trei mayai 30, mayai 45 yamevunjika njiani, yamebaki mangapi? Atakujibu 315 kabla hujatafuta kalamu.

Kesho yake hesabu ileile imeandikwa ubaoni kwa Kiingereza. Sentensi ya mwisho inauliza ni mayai mangapi “are left”. Mtoto anakodoa macho. Neno “left” analijua vizuri. Alifundishwa mwaka jana pamoja na “right”, darasa zima likinyoosha mikono. “Left” ni kushoto. Sasa haya mayai ya kushoto yametoka wapi? Anawaza, anaona wenzake wanaandika, naye anajumlisha namba zote anazoziona: 12, 30 na 45. Anapata 87. Mwalimu anapitisha kalamu nyekundu, anaenda dawati la pili. Kwenye daftari la maksi inaingia sifuri ya hesabu, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba kilichomwangusha mtoto ni neno moja tu la Kiingereza.

Kiswahili kinatofautisha mtu asiyejua na mtu ambaye hajajua. Kinyarwanda kinafanya vivyo hivyo: “ntazi” ni hajui, “ntaramenya” ni hajajua. Silabi moja, -ja- kwetu na -ra- kwao, inatuambia kwamba jambo halijafika lakini liko njiani. Daftari la maksi halina silabi hiyo. Linaandika sifuri na kufunga mjadala, na mtoto akishaandikiwa sifuri za kutosha huanza mwenyewe kusema “mimi sijui hesabu”, kwa sauti ya mtu anayetaja kabila lake.

Hoja ya sura hii ni kwamba somo gumu libaki gumu, na tubadilishe njia ya kulifikia. Mji wa Kigali unaonyesha namna ya kufanya hivyo. Panda pikipiki kutoka Nyabugogo uelekee katikati ya mji, utaona barabara haipandi kama ngazi iliyosimamishwa ukutani. Inapinda, inazunguka, inapinda tena. Kona hizo hazipunguzi hata mita moja ya mlima, lakini bila hizo wengi wangebaki bondeni.

Darasa lililokusanywa na historia

Watu husema watoto wa Rwanda wana bahati: nchi nzima inazungumza lugha moja. Ni kweli kwamba karibu kila Mnyarwanda anajua Kinyarwanda, jambo ambalo Mkenya au Mkongo hawezi kulisema kuhusu lugha yoyote ya nyumbani kwake. Lakini ukiingia darasani Kigali utakuta tofauti ambazo hazikuanza jana.

Mwaka 1978 serikali ya wakati ule ilifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka minane na kuagiza ifundishwe kwa Kinyarwanda. Mwaka 1991 miaka ikarudi sita, na Kifaransa kikarudi katika madarasa ya juu. Halafu ukaja mwaka 1994 na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Walimu waliuawa, wengine wakakimbia, shule zikabaki magofu. Baada ya hapo zilianza kurudi familia zilizokuwa uhamishoni tangu 1959 na miaka iliyofuata. Waliotoka Uganda walikuja na Kiingereza, waliotoka Burundi na Zaire wakaja na Kifaransa, na waliokulia Karagwe na Ngara, Tanzania, wakaja na Kiswahili. Baadhi ya watoto wao walikuwa wanaiona nchi yao kwa mara ya kwanza.

Mtaani watu wakabandikana majina. Waliotoka Zaire wakaitwa Dubai. Waliokuwa ndani ya nchi muda wote wakaitwa Sopecya, jina la kampuni ya mafuta. Ulikuwa utani wenye miiba. Na wote hao waliketi kwenye darasa moja.

Vyuo vilikabili jambo hili kwa njia ambayo leo tumeisahau. Chuo Kikuu cha Taifa kule Butare kilifungua tena milango mwaka 1995, na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali, KIST, ikaanza mwaka 1997. Mihadhara ilitolewa kwa lugha mbili kulingana na mhadhiri, na wanafunzi wakapewa kozi za lugha wasiyoijua. Aliyetoka Kampala alikaa karibu na aliyetoka Bujumbura, mmoja akimfafanulia mwenzake wakati wa Kifaransa, mwingine akirudisha deni wakati wa Kiingereza. Fizikia ilibaki fizikia. Hakuna aliyesema mtu huyu apewe fizikia nyepesi kwa sababu amekulia ng’ambo ya mpaka.

Mwezi Oktoba 2008 baraza la mawaziri liliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na utekelezaji ukaanza mwaka uliofuata. Mwaka 2011 uamuzi ukalegezwa: darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa Kinyarwanda, Kiingereza kianze darasa la nne. Desemba 2019 Wizara ya Elimu ikatangaza Kiingereza tangu darasa la kwanza, Kinyarwanda kikibaki kama somo. Katika kipindi hichohicho, mwaka 2017, Kiswahili nacho kilifanywa lugha rasmi ya nchi, kikiungana na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza.

Kwa watoto wa Biryogo, kule Nyamirambo, tangazo la 2017 lilikuwa kama kupewa cheti cha kitu ulichokuwa nacho siku zote. Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, na tangu enzi hizo wafanyabiashara na askari Waislamu walileta Kiswahili ambacho hakijawahi kuondoka katika mitaa hiyo. Mtoto wa Biryogo anaweza kuingia darasa la kwanza akiwa na lugha mbili kichwani. Shule ikimpima kwa lugha ya tatu peke yake, itamwandika kuwa hana kitu.

Ongeza kwamba ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2003, elimu ya miaka tisa kwa wote ikaja 2009, na ya miaka kumi na miwili ikafuata 2012. Milango ilipofunguka waliingia watoto ambao zamani wasingefika: wa kipato cha chini kabisa, waliokwisha kuacha shule wakarudi wakubwa, wenye ulemavu, wakimbizi. Madarasa yalifurika kiasi kwamba mwaka 2020 serikali ilianza kujenga madarasa mapya 22,505 nchi nzima. Tofauti za watoto zinazomlemea mwalimu wa Kigali leo ni matunda ya mlango uliofunguliwa. Tusimlaumu mtoto kwa kuitikia mwito.

Lugha ya uwanjani na lugha ya ubaoni

Jim Cummins, mtaalamu wa lugha na elimu aliyefanya kazi zake nyingi Toronto, aligundua jambo ambalo kila mwalimu wa Afrika Mashariki amewahi kuliona bila kulipa jina. Akichunguza watoto wahamiaji nchini Kanada, aliona kwamba baada ya takriban miaka miwili wanazungumza Kiingereza cha uwanjani bila tabu: wanacheza, wanatania, wanagombana. Walimu wakadhani lugha imekwisha kukaa. Lakini lugha ya darasani, ile ya kueleza sababu, kulinganisha na kuthibitisha, iliwachukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzao.

Kumbuka kwamba watoto wale wa Toronto walikisikia Kiingereza dukani, kwenye basi na kwenye televisheni. Mtoto wetu wa Kimisagara akitoka darasani Kiingereza kinabaki ndani na chaki. Anapofika darasa la nne akiwa na miaka mitatu ya Kiingereza cha darasani, hesabu ya Cummins inasema bado hajafika mwisho wa safari, na hapo tumeazima mazingira mazuri kuliko aliyonayo.

Ugumu hauko kwenye maneno marefu pekee. Neno refu la kisayansi ni geni kwa kila mtu, kwa hiyo mwalimu hulieleza. Yanayoumiza ni yale mafupi yanayojifanya marafiki. “Volume” mtoto anaijua kwenye simu na redio, ni sauti. Kwenye hesabu inageuka kuwa ujazo wa debe. “Table” ni meza anayoandikia, mara imekuwa jedwali. Mwalimu hayafafanui kwa sababu anadhani yanajulikana, na mtoto haulizi kwa sababu naye anadhani anayajua.

Watanzania wasicheke. Mwanafunzi aliyesoma msingi kwa Kiswahili anafika kidato cha kwanza na kukuta biolojia na jiografia zimevaa Kiingereza. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametumia miaka mingi kueleza kwamba kukifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia si sawa na kukifundisha. Ukitaka mtu ajue kuogelea unamfundisha kuogelea. Humtumi na barua ng’ambo ya mto ukategemea atajifunza humohumo majini.

Kona ya kwanza: lugha aliyokuja nayo

Kati ya mwaka 2013 na 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rwanda, upande wa elimu, walishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, kutengeneza vitabu vya majaribio vya darasa la nne, lile darasa ambalo Kiingereza kilikuwa kinaanza kubeba kila somo. Wazo lao lilikuwa dogo na la busara. Mada za mtaala ziliachwa kama zilivyo. Kilichobadilika ni ukurasa.

Sentensi zilifupishwa. Picha ziliwekwa mahali zinapofanya kazi, si pambo. Maneno muhimu yaliorodheshwa na maana zake kwa Kinyarwanda. Mazoezi yakamwelekeza mtoto azungumze kwanza na mwenzake, hata kwa Kinyarwanda, ndipo aandike kwa Kiingereza. Na alipotakiwa kuandika hakuachiwa ukurasa mtupu, alipewa sentensi yenye mapengo ya kujaza. Lizzi Milligan, John Clegg na Leon Tikly waliandika matokeo hayo mwaka 2016: watoto waliotumia vitabu hivyo walipiga hatua zaidi katika Kiingereza kuliko wenzao waliobaki na vitabu vya kawaida.

Soma tena sentensi hiyo. Walipiga hatua zaidi katika Kiingereza, na walifika hapo kwa kuruhusiwa Kinyarwanda. Jambo hili huwashangaza wazazi, lakini lina ushahidi wa miaka mingi. Mwaka 1970 Profesa Babs Fafunwa alianza mradi Ile-Ife, Nigeria, ambapo watoto walifundishwa kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, Kiingereza wakikisoma kama somo na mwalimu wake maalumu. Mwishowe watoto hao hawakuwa nyuma kwa Kiingereza, na masomo mengine waliyamudu vizuri zaidi.

Sababu yake haina uchawi. Mtoto akielewa kugawanya kwa lugha moja, hahitaji kuelewa kugawanya upya kwa lugha ya pili. Anahitaji majina mapya tu. Asipoelewa kwa lugha yoyote, hayo majina hayana mahali pa kushikia. Wanyarwanda wana methali: “Umwana apfira mu iterura”, yaani mtoto huharibikia pale pa kubebwa, mwanzoni kabisa. Mwalimu anayetangaza marufuku Kinyarwanda darasani mwake, na kumtoza faini au kumwaibisha anayeponyokwa, anambeba mtoto kichwa chini.

Kona ya pili: mdomo kabla ya kalamu

Kila aliyesoma shule zetu anaujua wimbo huu. Mwalimu anamaliza kueleza, anauliza: “Murabyumva?” Mmeelewa? Darasa linajibu kwa pamoja: “Yegooo!” Anaendelea. Kilichopimwa hapo ni mapafu. Mtoto ambaye hajaelewa amejificha vizuri ndani ya ile “yego” ya wote.

Mmarekani Mary Budd Rowe aliketi nyuma ya madarasa ya sayansi na saa mkononi. Mwaka 1974 aliripoti kwamba walimu wakishauliza swali husubiri wastani wa sekunde moja tu kabla ya kumtaja mtu mwingine au kujibu wenyewe. Alipowaomba wasubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, yakawa na sababu ndani yake, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kunyoosha mikono. Sasa fikiria mtoto anayelazimika kulitafsiri swali kichwani, kutafuta jibu kwa Kinyarwanda, kisha kulirudisha kwa Kiingereza. Sekunde moja kwake ni matusi.

Chukua kipindi cha dakika 40, mada ni mvukizo. Mwalimu anaandika neno la Kiingereza ubaoni, halielezi. Analowesha kitambaa, anapitisha ubaoni, alama ya maji inabaki. Wote wanatazama inavyopungua hadi inatoweka. Anauliza: maji yamekwenda wapi? Dakika tatu, wawiliwawili, kwa lugha yoyote. Kigali hapo utasikia Kinyarwanda, na Kiswahili kwenye kona ya watoto wa Biryogo. Mmoja atasema maji yameingia ndani ya ubao. Mwingine atamkatalia, mbona ubao haujalowa nyuma? Huo ubishi ndiyo sayansi yenyewe. Baada ya hapo mwalimu anatoa sentensi moja ya Kiingereza yenye mapengo mawili, kila jozi inaijaza na kuisoma. Mwisho kila mtoto anaandika sentensi yake. Hakuna hata chembe ya mada iliyopunguzwa, na gharama yote ni kitambaa kibichi.

Kwa darasa lililojaa watu wasioaminiana kuna njia nyingine. Mwaka 1971 mjini Austin, Texas, shule zilikuwa zimetoka tu kuchanganya watoto weusi, weupe na wenye asili ya Meksiko, na ugomvi ulikuwa wa kila siku. Mwanasaikolojia Elliot Aronson alikata somo vipande kama nguo kwa fundi. Kila mtoto katika kikundi alipewa kipande kimoja akisome na kuwafundisha wenzake, na mtihani ulikuwa wa nguo nzima. Yule aliyekuwa akichekwa kwa lafudhi yake akawa ndiye mwenye mkono wa shati. Bila yeye hakuna anayefaulu. Wanafunzi wa Butare na KIST walifikia jambo hilohilo kwa kulazimishwa na hali, pale kila mmoja alipokuwa na lugha ambayo mwenzake anaihitaji.

Kona ya tatu: kumjua mtoto yuko wapi

Mpango wa Uwezo, ulioanza mwaka 2009, ulipeleka watu nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda, wakiwa na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili na hesabu chache. Walikuta watoto wengi wa darasa la tatu na kuendelea ambao hadithi ile imewashinda. Watoto hao walikuwa wanahudhuria shule na kupanda madarasa. Darasa lilikuwa limesonga mbele, wao wamebaki kituoni.

Shirika la Pratham, lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995, lilijibu tatizo kama hilo kwa kuwapima watoto kwa dakika chache, kisha kwa saa moja kila siku kuwapanga kwa kiwango chao cha kusoma badala ya darasa waliloandikishwa. Wa darasa la tano anaweza kuketi na wa darasa la tatu, wote wakijifunza kuunganisha silabi. Saa ikiisha, kila mmoja anarudi darasani kwake. Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walikuwa miongoni mwa waliopima njia hiyo na kuona inafanya kazi.

Angalia neno “saa moja”. Mtoto akipangwa kwa kiwango chake siku nzima na mwaka mzima, tumemjengea kituo cha kudumu, na watoto ni wepesi kujua wamewekwa kwenye kundi la akina nani. Kona ya barabara ni mahali pa kupita.

Kona ya nne: mwili

Mwaka 1960 padri Mbelgiji Joseph Fraipont, ambaye Wanyarwanda walimjua kama Ndagijimana, alianzisha kituo cha watoto wenye ulemavu kule Gatagara, Nyanza. Wakati huo familia nyingi ziliwaficha watoto hao ndani. Leo sera ya nchi inataka waketi na wenzao katika shule za kawaida kila inapowezekana, na kazi hiyo imemfikia mwalimu wa Kigali ambaye pengine hakuifundishwa chuoni.

Mengi yanayosaidia ni madogo. Asiyeona mbali akae mbele, na maandishi ya ubaoni yawe makubwa. Mwalimu asizungumze akiwa ameupa uso ubao, maana yupo anayesikia kwa kutazama midomo. Anayechelewa kuandika aruhusiwe kujibu kwa mdomo. Mengine hayako mikononi mwa mwalimu: vifaa vya nukta nundu, walimu wa lugha ya alama, ngazi zilizogeuzwa mtelemko katika mji wa vilima. Hayo yadaiwe kwa wenye bajeti.

Na kabla ya yote ni tumbo. Mpango wa chakula cha shuleni ulipanuliwa mwaka 2021 ufikie ngazi zote, msingi ikiwamo. Mbinu zote za sura hii hazimfikii mtoto anayehesabu saa zilizobaki hadi ugali.

Bado

Mwaka 2013 kilifunguliwa mjini Kigali chuo kiitwacho Kepler, kikianza na wanafunzi 50. Wengi wao walitoka familia zisizo na uwezo, na baadaye kikajifunga kuwapokea wakimbizi. Mwaka 2015 kilifungua tawi ndani ya kambi ya Kiziba, Karongi, ambako Wakongo wamekuwa wakiishi tangu 1996. Shahada waliyoitafuta wanafunzi hao haikuwa ya huruma. Ilitolewa na Chuo Kikuu cha Southern New Hampshire cha Marekani, kwa vigezo vilevile alivyopimwa navyo Mmarekani.

Katika mpango huo mwanafunzi alitakiwa kuonyesha umahiri 120 ili apate shahada ya awali ya miaka miwili. Kila umahiri ulipimwa kwa kazi halisi: ripoti, hesabu za biashara, hoja ya maandishi. Msahihishaji alikuwa na hukumu mbili tu: umemudu, au bado. Aliyepata “bado” alirudishiwa kazi na maelezo ya kilichopungua, akairekebisha, akaipeleka tena. Hakukuwa na asilimia 52 ya kumpitisha mtu akiwa na nusu ya elimu, wala sifuri ya kumzika. Wakufunzi wa Kigali walikuwepo kumsaidia kwa Kiingereza, kompyuta na mpangilio wa kazi hadi ile “bado” igeuke.

Tusitie chumvi. Kepler huchagua wanafunzi wake kwa usaili, na kina wakufunzi na kompyuta ambazo shule ya Kimisagara haina. Lakini neno “bado” halihitaji umeme. Mwalimu wa msingi anaweza kuliandika pembeni mwa zoezi mahali pa kosa jekundu, na siku mbili baadaye akalipokea zoezi hilo tena.

Walimu wanavyojibu

Nikizungumza hivi mbele ya walimu najua majibu yatakayokuja, na yana uzito. La kwanza ni idadi: watoto ni wengi, na shule nyingi za msingi zinaendeshwa kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana. Ndiyo maana nimesisitiza kazi ya wawiliwawili. Katika darasa la watoto 60, mwalimu akiuliza mtu mmojammoja anazungumza mmoja na wamenyamaza 59; wakizungumza kwa jozi, 30 wanazungumza kwa wakati mmoja.

La pili ni mtihani. Wa darasa la sita uko kwa Kiingereza, kwa nini nipoteze muda na Kinyarwanda? Kwa sababu mtihani unauliza sababu na maelezo, na aliyekariri bila kuelewa huanguka swali likigeuzwa kidogo.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini. Walimu wengi walisomeshwa kwa Kifaransa, na tangazo la 2008 liliwakuta ubaoni. Mwalimu anaogopa kuulizwa, kwa hiyo anasoma kitabu neno kwa neno na kuwaamuru waandike. Hili halitatuliwi kwa kumkaripia. Mwaka 2022 serikali iliongeza mshahara wa walimu wa msingi wenye cheti kwa asilimia 88, hatua iliyostahili pongezi. Hatua inayofuata ni kumruhusu mwalimu aseme mbele ya mkaguzi wake: Kiingereza hiki sijakijua, nisaidieni. Mwalimu anayejificha kwa hofu hawezi kumvumilia mtoto anayesema hajaelewa.

Kinyarwanda kina neno zuri kwa ajili ya mtoto huyo: “sindabyumva”, sijaelewa. Kesho, mwalimu, acha kuuliza “Murabyumva?” Uliza nani hajaelewa bado, hesabu sekunde tatu, na wa kwanza kunyoosha mkono mshukuru mbele ya wenzake.

Na ukikuta 87 kwenye daftari mahali ulipotegemea 315, shikilia kalamu yako nyekundu kidogo. Muulize mtoto ameipataje. Atakueleza kwa Kinyarwanda kwamba aliyatafuta mayai ya kushoto hakuyaona, akaamua ajumlishe yote. Hapo utajua kuwa hesabu anaijua tangu sokoni kwa mama yake, na kwamba deni lako kwake ni neno moja. Mfundishe hilo neno, mrudishie swali lilelile, bila kulipunguza.